Bawa ni Tanga

Assalaam alaykum. Walimu wangu, wazee wangu mliokaa mbele, na nyinyi wanangu mliobanana mpaka mlangoni, ahsanteni kwa kunialika. Nimeombwa niseme juu ya uzuri wa ndege, na kwa nini mtu mzima mwenye mvi asimame nje ya uzio wa uwanja saa nzima, shingo juu, akitazama vitu ambavyo hana tiketi ya kuvipanda. Nitajibu. Ila nipeni ruhusa nianze na upepo, maana hapa Unguja mambo mengi huanza na upepo.

Kaskazi inapovuma, kuanzia Disemba hadi Machi, ndege zinazokuja Kisauni, kwenye uwanja ambao sasa una jina la Mzee Karume, huingia kutoka upande wa kusini, pua zikielekea mjini. Kusi ikishashika, mambo hugeuka. Zinashuka kutoka upande wa mjini, zinapita juu ya mapaa, na pua zinaelekea kusini. Njia yetu ya kurukia ni moja tu, ina urefu wa kilomita 3 na kidogo, na kwenye ncha zake zimeandikwa namba kubwa nyeupe: 36 huku na 18 kule. Namba hizo ni dira. Ondoa sifuri ya mwisho kwenye nyuzi 360, inabaki 36. Iondoe kwenye 180, inabaki 18. Rubani anayetua ameelekea kaskazini anaikuta 36 mbele ya pua yake. Kwa hiyo hata mgonjwa aliyelala ndani miezi, akifunguliwa dirisha akaona ndege zinashukia upande gani, atajua tuko katika msimu gani. Babu yangu alikuwa nahodha, naye misimu aliisoma kwa nyota. Mimi naisoma kwa ndege.

Jahazi la babu lilingoja upepo wa nyuma ulisukume. Ndege hutaka upepo wa usoni, iwe inaruka au inatua. Sababu yake ni kwamba bawa halijali magurudumu yanakimbia kiasi gani juu ya lami. Linajali hewa inalipitia kwa kasi gani. Upepo wa mbele ukiwa wa kilomita 30 kwa saa, basi ndege imeshapewa kilomita 30 za bure hata kabla rubani hajaachia breki.

Lakini siku jahazi linapokwenda joshi, linapoukata upepo kwa ubavu, jahazi na ndege huwa ndugu wa tumbo moja. Tanga linajaa, linafanya mviringo. Hewa inayopita upande wa nje wa mviringo ule huenda mbio zaidi na msukumo wake hupungua. Ile ya upande wa ndani hubaki na nguvu zake. Na chombo kinavutwa mbele, karibu kabisa na kule kule upepo unakotoka. Sasa lilaze tanga hilo, lifanye gumu, lifunge kwenye kiwiliwili. Umepata bawa. Watu wa pwani hii walikuwa wakiendesha mabawa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kupaa, na ninalisema hili kwa sababu nimewahi kumsikia kijana wa hapa hapa akisema elimu ya ndege ni ya wenyewe huko. Babu yake huenda aliijua kwa viganja vya mikono, akiwa ameshika kamba ya demani.

Nendeni Nungwi mkamtazame fundi anayeunda chombo. Atafumba jicho moja, atautazama ubao tangu omo mpaka tezi, kisha atapitisha tezo mahali pamoja tu, kidogo sana. Muulize kwa nini pale. Atakwambia maji yangekwama. Hatasema anataka kipendeze. Na chombo kikishushwa majini, watu wote ufukweni wananyamaza kukitazama kwa jinsi kilivyopendeza.

Mstari wa ndege huwa mzuri kwa njia hiyo hiyo, unapokuwa jibu la swali gumu. Na baadhi ya maswali magumu kabisa katika historia ya ndege za abiria yaliulizwa hapa kwetu, Afrika Mashariki. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka 9, naishi Tanga kwa wazazi wangu. Mjomba wangu alikuwa Nairobi, mpishi katika jiko lililotayarisha chakula cha abiria wa East African Airways, shirika la nchi zetu tatu. Likizo moja nikapelekwa kwake kwa basi, na Jumapili ya kwanza akanichukua Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi. Wakati ule kulikuwa na roshani maalumu ya kusimama na kuwapungia wasafiri. Watu walikuja na watoto wao wamevaa nguo za sikukuu, na wengi hawakuwa na msafiri yeyote wa kumpungia. Walikuja kutazama ndege.

Nikaiona imesimama peke yake. Ndefu, nyembamba, pua imeinuka kidogo kama mtu anayesikiliza jambo kwa mbali. Kilichonishika ni mabawa. Ndege nyengine kubwa zilizokuwa pale zilining'iniza injini chini ya mabawa, kama mtu aliyebeba ndoo kila mkono. Hii mabawa yake yalikuwa matupu, safi, yamelala nyuma kwa mstari mmoja usiokatika tangu kwenye kiwiliwili mpaka nchani. Injini zake nne zilikuwa mwisho kabisa, mbili kila ubavu, na juu yake ulisimama mkia mrefu uliobeba bawa dogo kileleni, kama herufi T. Mjomba akasema, "Hiyo ndiyo VC10 yetu." Nilikuwa na daftari la hesabu mkononi. Nikaandika herufi nilizoziona: 5H-MMT. Mjomba akanifahamisha kwamba 5H ni ndege iliyosajiliwa Tanzania, 5Y ni ya Kenya na 5X ni ya Uganda. Nilikuwa mtoto, niko mbali na mama, na ghafla nimeona kitu kikubwa kuliko nyumba yoyote ya mtaani kwetu kimeandikwa alama ya nchi yangu.

Ilipoondoka, ngurumo ya zile injini nne za Rolls-Royce iliingia kifuani kabla ya kufika masikioni. Vyuma vya roshani vilitetemeka mikononi mwetu. Nilidhani itakimbia mpaka iishe njia yote, lakini iliinua pua mapema, ikaiacha ardhi, ikapanda kwa pembe kali. Nililia. Mjomba alidhani nimeogopa, akanibeba. Sikuwa nimeogopa.

Ilinichukua miaka kuelewa nilichokiona siku ile. Nilipoanza kujifunza ufundi ndipo nikaelezwa habari ya hewa. Embakasi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,600 na zaidi. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya hapa Unguja kwa takriban asilimia 15, na jua la mchana likiwaka huwa nyepesi zaidi. Bawa linakula hewa. Injini nayo inakula hewa. Chakula kikipungua, wote wawili wanadhoofika kwa wakati mmoja, tena wakati ule ule ndege imejaa mafuta ya safari ndefu. Ndege inayoruka vizuri London huweza kushindwa kuruka Nairobi na mzigo ule ule, ama ikahitaji njia ndefu mno, na njia za viwanja vya Afrika miaka ile hazikuwa ndefu.

Ndipo BOAC, shirika la ndege la Uingereza, lilipotaka ndege ya jeti itakayoweza viwanja vya joto na vya juu: Kano, Nairobi, Johannesburg. Kampuni ya Vickers, iliyoongozwa na George Edwards, ililichukua swali hilo. Na sasa naomba mnifuate taratibu, kwa sababu hapa ndipo penye utamu wenyewe.

Ukitaka bawa libebe zaidi kwa kasi ndogo, lazima uliongeze mviringo, kama nahodha anavyolegeza kamba ili tanga lijae. Kwenye ndege kazi hiyo hufanywa na vipande vinavyojongea: vya nyuma huteremka, sisi mafundi tunaviita flapu, na vya mbele hufunguka na kuinama. Kadiri vinavyokuwa virefu ndivyo bawa linavyopata nguvu. Lakini injini ikining'inia chini ya bawa, inakula nafasi yao. Pale ilipo lazima uache pengo. Vickers wakaziondoa injini zote kwenye bawa, wakazipeleka nyuma. Bawa likabaki huru, likavaa vipande hivyo karibu urefu wake wote. Injini zikishakuwa nyuma, moshi wake wa moto unapita pale pale linapokaa bawa dogo la mkia. Basi bawa dogo likapandishwa juu, kileleni mwa mkia, ndiyo ile T. Na magurudumu yakawa na matairi makubwa ya kustahimili viwanja vigumu.

Mmeona? Bawa tupu lililonifanya nilie, mkia mrefu, injini zilizojikusanya nyuma, vyote vimezaliwa na hewa nyepesi ya viwanja kama Embakasi. Aliyeuchora mstari ule Uingereza alikuwa akilijibu joto letu na vilima vyetu. Mimi nikiwaambia watu kwamba VC10 ni ndege ya Kiafrika kwa nasaba, hucheka. Wacha wacheke. Ninaamini hivyo.

Iliruka mara ya kwanza tarehe 29 Juni 1962 kutoka Brooklands, kwenye njia fupi ya kiwandani, na mwaka 1964 ikaanza kubeba abiria kati ya London na Lagos. Ndani kulikuwa kimya, maana kelele zote zilibaki nyuma, na abiria waliipenda. Ila kuzibeba injini mkiani kunataka kiwiliwili chenye nguvu nyuma, na nguvu ni uzito, na uzito ni mafuta. Boeing 707 ilikuwa na gharama nafuu zaidi. Kisha nchi nyingi zikarefusha njia za viwanja vyao, na lile swali ambalo VC10 ililijibu vizuri kuliko wote likaacha kuulizwa. Zikaundwa 54 tu. Tano zilinunuliwa na East African Airways, aina ya Super VC10, kati ya 1966 na 1970, na ile ya mwisho kabisa kuundwa duniani ilikuja kwetu: 5H-MOG. Moja katika hizo, 5X-UVA, ilipata ajali Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, wakafa watu 43. Mjomba alikuwa akiwajua baadhi ya waliokuwemo. Jina la ndege hiyo hakulitaja mbele yangu mpaka alipozeeka.

Kabla ya VC10 ilikuwepo Comet, nayo ina habari yake kwetu. Tarehe 2 Mei 1952 Comet moja, namba G-ALYP, iliondoka London kwenda Johannesburg. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza duniani ya kibiashara ya abiria kwa ndege ya jeti. Ilipita Rome, Beirut, Khartoum, kisha ikashuka Entebbe, kabla ya kuendelea Livingstone na mwisho wa safari. Kwa hiyo watu wa ukingo wa Ziwa Nyanza waliiona jeti ya abiria ikitua kabla ya watu wa New York au Paris kuiona ikianza kazi kwao. Kwa macho yangu, hakuna ndege ya abiria iliyopata kuwa na sura laini kama Comet. Injini nne zilifichwa ndani ya mabawa, pale yanapoungana na kiwiliwili, na ukiitazama kwa mbele hujui nguvu zinatoka wapi.

Lakini lilikuwepo swali moja ambalo lilikuwa halijajibiwa. Kila ndege inapopanda juu, hewa iliyofungiwa ndani huuvimbisha mwili wake kidogo. Ikishuka, mwili hurudi. Vimba, rudi, vimba, rudi. Chuma huchoka kwa kazi hiyo, kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka unakatika, na huchokea pale penye kona za matundu. Tarehe 10 Januari 1954 ile ile G-ALYP ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, na watu wote 35 wakafariki. Miezi mitatu haijatimia ikafuata nyengine. Waingereza wakakichukua kiwiliwili cha Comet, wakakizamisha katika tangi la maji kule Farnborough, wakakijaza na kukipunguza msukumo tena na tena mpaka kikapasuka mbele ya macho yao. Ndipo dunia ilipojifunza. Comet 4, yenye mwili mpya, ndiyo iliyorushwa na shirika letu kuanzia 1960. Siku mtakayopanda ndege, tazameni dirisha. Pembe zake zote ni za mviringo. Mimi nikikaa dirishani hupitisha kidole pale kwenye mviringo, kila safari, nikiwakumbuka wale 35 na waliowafuata.

Binti mmoja ameniuliza pale mlangoni kwa nini ndege nyingi ni nyeupe. Swali zuri sana, na mimi kama fundi nalipenda. Weupe haushiki joto la jua, hilo la kwanza. Na kwetu sisi tunaozikagua alfajiri kwa tochi, kwenye rangi nyeupe ufa na mafuta yanayovuja huonekana upesi.

Sasa turudi Kisauni, maana msidhani lazima muende mbali. Nimefanya kazi zaidi ya miaka 30 kwenye ndege ndogo za pangaboi, na ndogo hizo zina mengi ya kusoma. Mnaijua Cessna Caravan, ile ya injini moja inayokwenda Pemba na Dar es Salaam kutwa nzima. Bawa lake liko juu, mbali na mawe na majani ya viwanja vya mbugani. Miguu yake haikunjwi, kwa hiyo hakuna cha kukwama. Halafu tazameni pua yake, upande wa kulia, chini: kuna bomba kubwa jeusi la moshi, karibu kabisa na pangaboi. Watu wengi huniuliza kwa nini moshi utoke mbele. Ni kwa sababu injini ile, PT6, imekaa kinyumenyume. Hewa inaingilia nyuma, inakwenda mbele, inachomwa, na inatokea karibu na pua. Mpangilio huo unairahisishia mambo mengi fundi anayeifungua chini ya mwembe, na nimeifungua chini ya mwembe. Msichana au mvulana yeyote atakayelitambua bomba lile kwa mbali ameshaanza kuisoma ndege.

Boeing 737 nayo itambueni ikiwa inapita juu ya vichwa vyenu. Ikishakunja miguu, magurudumu yake makubwa hayafunikwi na mlango; yanaonekana chini ya tumbo kama visahani viwili vyeusi. Ndege ile iliruka mara ya kwanza 1967, na ilichorwa ikae chini chini, ili wapakiaji waifikie mizigo kwa mikono yao, na abiria washuke kwa ngazi yake yenyewe katika viwanja vidogo visivyo na vifaa. Miaka ikapita, injini zikanenepa, lakini miguu ikabaki mifupi, ndipo makava ya injini zake katika matoleo mengi yakaonekana yamebonyea kwa chini. Wapo wanaosema ni mbaya. Mimi naona ni kama mzee aliyevaa miwani minene: umbo lake linakuhadithia maisha yake.

Dreamliner, yaani Boeing 787, ni jambo jengine kabisa. Air Tanzania ilipokea ya kwanza yake Julai 2018, ile yenye twiga mkiani. Karibu nusu ya uzito wa ndege hiyo ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa pamoja, ndiyo maana bawa lake linaweza kupinda bila ya kuchoka kama chuma. Itazameni inapoondoka. Ikiwa chini mabawa yamelala. Kadiri inavyoshika kasi ncha zinaanza kuinuka, na inapoiacha ardhi mabawa yamejipinda kama upinde uliovutwa. Uzito wote wa ndege umehama kutoka kwenye magurudumu, umehamia kwenye hewa, na unauona ukihama. Nyuma ya injini zake kuna meno kama ya msumeno. Yale yanauchanganya moshi wa kasi na hewa ya nje pole pole, kelele ikapungua. Na kama mtapata nafasi ya kwenda Dar es Salaam, iangalieni ile Boeing 767 ya mizigo ikija kutua: seti ya magurudumu ya nyuma imeinamisha vidole chini, ya mbele yako chini kuliko ya nyuma yake, ilhali kwenye 787 ni kinyume. Nikiwa mbali siwezi kusoma maandishi, miguu huniambia.

Masikio nayo yafunzwe. Ukiwa umekaa ndani ya Airbus A320 ikisimama uwanjani, na ukasikia chini ya miguu yako sauti kama mbwa anabweka, usishtuke. Ni pampu inayosawazisha nguvu za mafuta ya haidroliki kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Nimewatuliza abiria wengi kwa maneno hayo.

Na ipo siku ya masika, baada ya mvua, hewa imelowana. Ndege inashuka, flapu zimeteremshwa zote, na juu ya mabawa ghafla inazuka shuka nyeupe ya ukungu, inakaa sekunde chache, inayeyuka. Pale msukumo wa hewa umepungua, hewa imepoa, na mvuke umegeuka matone. Yale niliyowaambia juu ya tanga, kwamba upande mmoja msukumo hupungua, hamtayaona kwa macho siku nyengine yoyote kwa uwazi kama siku hiyo. Nimeyaona mara nyingi na bado hunisimamisha.

Vifaa ni vichache. Daftari, kalamu, na darubini ukijaaliwa. Programu za simu zinazoonyesha ndege zilipo ni nzuri, natumia na mimi, kwa kuwa ndege nyingi siku hizi hujitangaza zenyewe kwa redio. Lakini andikeni kwanza mlichokiona kwa macho, ndipo mtazame simu. Andikeni tarehe, saa, namba ya usajili, upepo unatoka wapi, imetua 18 au 36.

Juu ya picha nina neno zito. Uwanja wa ndege ni mahali panapolindwa. Ombeni ruhusa kwa wahusika, na mkikataliwa, ondokeni kwa heshima. Msielekeze kamera kwa askari wala ndege za jeshi. Novemba 2001 watazama ndege 14, Waingereza 12 na Waholanzi 2, walikamatwa Kalamata, Ugiriki, wakashukiwa ujasusi. Mwaka uliofuata walihukumiwa, na baadaye mahakama ya rufaa ikawaachia. Walikuwa watu wa daftari kama mimi. Kwa hiyo mjulikane. Mimi walinzi wa uzio wananijua kwa jina, wananiuliza ipi imechelewa leo.

Nimalizie habari ya 5H-MMT. Mwaka 1977 East African Airways ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mjomba alirudi Tanga na masanduku mawili. VC10 zetu nne zilizobaki zilirudi Uingereza, na jeshi la anga la kule likazichukua, likazigeuza kuwa ndege za kubeba mafuta na kuzinywesha ndege nyengine angani. Zikapakwa rangi ya kijivu, zikapewa namba mpya. 5H-MMT ikawa ZA147. Hakuna aliyeziona pwani hii tena kama tulivyozizoea, lakini ziliendelea kuruka miaka mingi baada ya nyingi za rika lake kukatwakatwa.

Tarehe 24 Septemba 2013 ile 5H-MOG, ya mwisho kuundwa, ilitua Dunsfold ili ihifadhiwe. Siku iliyofuata, tarehe 25, iliruka moja tu, kutoka Brize Norton hadi Bruntingthorpe. Ilipogusa ardhi, VC10 zikawa zimemaliza kuruka duniani. Namba yake ilikuwa ZA147.

Niliiona kwenye kompyuta ya ofisini, vijana wenzangu wa karakana wamenizunguka. Chini ya ile rangi ya kijivu bawa lilikuwa lile lile, tupu, mstari mmoja. Usiku nikafungua sanduku, nikalitoa daftari la hesabu la 1973, nikaitafuta 5H-MMT kwa mwandiko wangu wa miaka 9, na mbele yake nikaandika tarehe ile na mahali ilipotua. Nimekuja nalo. Mwalimu, naomba ulipitishe kuanzia safu ya nyuma, wale waliosimama mlangoni walione kwanza. Lishikeni taratibu, wanangu, karatasi zake zimechoka.